Chittick na Vyungu vya Jikoni

Kila linapotajwa jina la Neville Chittick, wapenda historia ya pwani hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza linasimama wima kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu: huyu ndiye aliyeifukua Kilwa, msimguse. Fungu la pili linamtupa jalalani kwa neno moja tu, mkoloni, kisha linaendelea na chai yake. Mimi nimechoka na mafungu yote mawili kwa sababu ugonjwa wao ni mmoja: hayajamsoma. Na sisi tunaojiita watu wa vitabu, tunaokesha tukibishana riwaya ipi ilistahili tuzo na ipi ilibebwa, tumekubali kwamba vitabu vinavyotueleza sisi ni nani ni mali ya wataalamu, vikae huko huko kwenye rafu zao, kwa Kiingereza chao.

Hoja yangu ni hii. Kosa la Chittick ambalo bado linatuuma si uzungu wake, wala si kwamba aliwapa Washirazi nafasi kubwa mno. Ni namna alivyogawa majina. Vitu vilivyotoka ng'ambo vilipewa majina ya enzi na nchi. Vitu vilivyofinyangwa hapa hapa vilipewa jina la chumba: jikoni. Kosa hilo sisi wenyewe tunalirudia kila siku, katika vitabu vya shule, katika riwaya zetu za kihistoria na katika hotuba za sikukuu.

Tuanze na mtu mwenyewe, maana haki ni haki. Chittick alizaliwa mwaka 1924. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi ya mambo ya kale Sudan. Mwaka 1957 Tanganyika ilipoanzisha idara ya mambo ya kale, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Mwaka 1961 akawa mkurugenzi wa taasisi mpya ya Waingereza ya historia na akiolojia katika Afrika Mashariki, iliyoanzia Dar es Salaam na baadaye kuhamia Nairobi, na akaiongoza kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1966 taasisi hiyo ikaanza kutoa jarida la Azania, yeye akiwa mhariri, na jarida hilo linachapishwa mpaka leo. Alichimba Kilwa Kisiwani miaka ile ile bendera zilipokuwa zikibadilishwa, akachimba Manda katika visiwa vya Lamu, akaenda hadi Aksum, Ethiopia, ambako mapinduzi ya 1974 yaliikata kazi yake. Alifariki mwaka 1984, mwaka ambao kitabu chake cha Manda kilitoka.

Huyu hakuwa mtalii mwenye koleo. Kabla yake, Kilwa ilikuwa msitu uliojaa kuta, na hadithi zilizoelea juu ya kuta hizo. Yeye alishuka chini tabaka baada ya tabaka, akatuonyesha kwamba Husuni Kubwa, jumba lile la juu ya jabali lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, ni la mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kitabu chake cha juzuu mbili kilichotoka mwaka 1974 bado ndicho mlango wa kuingilia Kilwa. Anayetaka kumpinga lazima apite humo humo. Kwa hiyo wale wa fungu la pili, wa "mkoloni basi", wajue kwamba wanarusha mawe kutoka kwenye nyumba aliyoijenga yeye.

Na tena alikuwa na jicho kali. Tarehe ya Kilwa, ile iliyoandikwa kwa Kiarabu na ambayo masimulizi yake yalimfikia pia Mreno João de Barros katika karne ya 16, inasema waanzilishi wa mji walikuja kwa merikebu kutoka Shiraz. Chittick hakuimeza nzima nzima. Katika makala yake ya mwaka 1965 alisema Washirazi wa Kilwa hawakutoka Uajemi moja kwa moja. Walitokea pwani ya Banadir, Somalia ya leo, na walifika karibu mwaka 1200, si karne ya 10 kama tarehe inavyodai. Huo ni usomaji wa mtu makini. Alikuwa tayari kubishana na sultani.

Sasa ukiwa tayari kubishana na sultani, mbona usibishane na jambo la chini yake? Hapo ndipo tunapoachana.

Chukua tarehe hiyo hiyo na uisome kama wasomaji wa fasihi tunavyosoma hadithi, yaani kwa kumwangalia kila mtu aliyemo, si shujaa peke yake. Ali bin al-Hasan anashuka merikebuni. Je, kisiwa ni kitupu? La. Anakutana na mtu ambaye tayari ni Mwislamu, akiwa na wanawe. Jina lake linasemwa kuwa Muriri wa Bari. Msikiti upo. Kuna mfalme wa bara mwenye mamlaka juu ya kisiwa, na Muriri ndiye mkalimani kati ya mgeni na mfalme. Kisiwa kinanunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Jamani, hadithi iliyoandikwa kumtukuza mgeni imeshindwa kuwaficha wenyeji! Mnunuzi anahitaji muuzaji. Mgeni anahitaji mkalimani. Msikiti uliokutwa ulijengwa na mtu. Lakini hadithi hii inaposimuliwa darasani, Muriri huanguka njiani. Inabaki nguo na merikebu.

Turudi kwenye vyungu. Juzuu la pili la Kilwa ni la vitu vilivyopatikana: shanga, sarafu, vioo, na vigae vya vyombo kwa wingi usiohesabika. Katika miji hii ya pwani, vigae vingi mno ni vya vyombo vya kienyeji. Kauri za China na vyombo vilivyopakwa rangi vya nchi za Kiislamu ni sehemu ndogo ya udongo wote unaochimbuliwa. Sasa angalia majina. Kilichotoka China kina jina, kilichotoka Uajemi kina jina, na majina hayo yanamsaidia mchimbaji kujua enzi na njia za biashara. Vile vya wenyeji wa kwanza wa Kilwa vikaitwa vyombo vya jikoni vya awali.

Utaniambia: mwandishi wewe, hayo ni majina ya kazi tu, wanaakiolojia wanahitaji lebo, usitafute ugomvi kwenye lebo. Na utaniambia kwamba Chittick alivichora vyombo hivyo na kuvieleza, hakuvitupa. Kweli, alivichora. Ndiyo maana waliokuja nyuma yake waliweza kuvitumia. Lakini lebo huamua swali utakalouliza kesho. Chombo ukikiita cha China, papo hapo unauliza: kimefikaje hapa, nani alikileta, alilipwa nini? Ukikiita cha jikoni, umemaliza. Jikoni ni hapo hapo nyuma ya nyumba. Hakuna anayeuliza chungu cha jikoni kwao ni wapi.

Na walipotokea waliouliza, jengo lilitikisika. Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe mfululizo wa misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Mji wa mawe ulikua kutoka mji wa miti na udongo, polepole, mahali pale pale. Haukushushwa merikebuni ukiwa mzima. Manda, ambako Chittick aliona mji ulioanzishwa na watu wa Ghuba ya Uajemi, ni jirani tu, kisiwa cha pili.

Kisha Felix Chami, Mtanzania, katika tasnifu yake ya Uppsala ya mwaka 1994, akavichukua vyombo vile vya "jikoni" na kuvifanya kiini cha kazi. Vyombo hivyo vina nakshi za pembetatu zilizochorwa shingoni, na Chami aliviita kwa nakshi hizo. Jina likawa sasa linaelezea mkono wa mfinyanzi badala ya chumba alichopikia. Na mara vilipopata jina la maana, vikaanza kusafiri. Vipo Lamu, vipo Unguja, vipo Kilwa, vipo Comoro, na vipo bara, mbali na harufu ya bahari. Yaani kabla ya kuta za matumbawe, kabla ya Husuni Kubwa kwa mamia ya miaka, kulikuwa na watu wa pwani na wa bara yake waliofinyanga kwa namna moja. Chapurukha Kusimba wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola za Waswahili, naye alisisitiza uhusiano huo na bara. Wanaisimu nao walikuwa wamekwisha kusema: Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985 waliionyesha lugha hii kuwa ya Kibantu, ndugu wa Kimijikenda na Kipokomo, pamoja na mizigo yote ya Kiarabu iliyojitwisha. Tunakulia kwenye sahani, neno tulilolipokea kwa Waarabu. Tunapikia kwenye chungu, neno letu wenyewe.

Hapo fungu la pili lilipiga vigelegele: umeona, Chittick alidanganya, sisi ni Waafrika tu, Washirazi ni ngano! Polepole, jamani. Kisiwani Pemba, Mtambwe Mkuu, mwaka ule ule wa 1984 alipofariki Chittick, ilipatikana hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya elfu mbili pamoja na dinari chache za dhahabu. Miongoni mwake zimo sarafu za Ali bin al-Hasan, na dhahabu ya mwisho katika hazina hiyo ni ya karne ya 11. Maana yake Ali alitawala mapema kuliko Chittick alivyokadiria. Tarehe ya Kilwa ilikuwa karibu na ukweli kuliko mkosoaji wake. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1986 katika Azania, jarida alilolilea mwenyewe. Hivyo ndivyo kazi ya elimu inavyopaswa kuwa, na ni heshima kwake kwamba aliacha uwanja ambamo angeweza kupingwa.

Kisha mwaka 2023 likaja jarida la Nature na utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani ya Kenya na Tanzania, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800. Kusimba alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Matokeo yakawavuruga wote. Uajemi umo. Damu ya Asia kwa watu hao ni nyingi, kwa baadhi inazidi nusu, na sehemu yake kubwa inatokana na wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Lakini upande wa akina mama, karibu wote ni Waafrika. Fungu la kwanza nalo likaamka: mmeona, Chittick alikuwa sahihi!

Hapana, bwana. Kwanza, wengi wa watu hao walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya wenye nafasi. Hawawezi kusemea mji mzima na mashamba yake. Pili, na hapa ndipo naomba msomaji atulie, utafiti huo unatuambia hasa ni nani aliyekuwa jikoni. Mgeni alikuja, akaoa. Mtoto akazaliwa. Mtoto huyo alizungumza lugha gani? Ya mama. Ukoo wa baba ulibaki katika nasaba na kwenye sarafu. Lugha iliyobaki ni hii ninayoandikia. Na kwa kuwa katika sehemu kubwa ya pwani na bara yake ufinyanzi ni kazi ya wanawake, si ajabu kubwa kudhani kwamba vyombo vile vya pembetatu vilitoka mikononi mwa mama hao, au mama zao. Kwa hiyo swali la "Mwafrika au Mwajemi?" ambalo tumeligombania miaka sitini ni swali la barazani, la wanaume kuhesabiana mababu. Jikoni kulikuwa na jibu jingine muda wote, likiwa limepangwa kwenye masanduku na kupewa namba.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, Husuni Kubwa ikiwa mpya, aliona mji mzuri uliojengwa kwa miti, na watu ambao wengi wao walikuwa weusi sana wenye chanjo usoni. Chittick aliyajua maneno hayo vizuri. Kila aliyewahi kuandika kuhusu Kilwa anayajua. Lakini jina dogo la kitabu chake linaiita Kilwa mji wa biashara wa Kiislamu katika pwani ya Afrika Mashariki. Ni kweli tupu: Uislamu upo, biashara ipo, Afrika Mashariki ipo kama pwani. Mswahili hayupo.

Sasa niache kumsema marehemu, nije kwetu. Sisi tumeandika nini? Fungua simulizi yoyote ya kihistoria ya pwani iliyo karibu nawe. Utakuta sultani, jahazi, mfanyabiashara mwenye kilemba, Mreno mwenye mzinga, na binti mzuri dirishani. Mfinyanzi yuko wapi? Mvuvi aliyekula kwenye chungu kile? Muriri wa Bari yuko wapi, mtu ambaye angeweza kubeba riwaya nzima mgongoni: Mwislamu kabla ya wageni, mkalimani wa mauzo ya ardhi yake mwenyewe? Tunamlaumu Mwingereza kwa kutotuona, halafu tukipewa kalamu tunaandika kutoka baraza ile ile aliyokaa yeye.

Na hatuwezi kusingizia kwamba fasihi yetu haijui njia ya kwenda huko. Inaijua. Shaaban Robert, ambaye angeweza kuandika wasifu wa mtawala yeyote, aliandika wasifu wa Siti binti Saad. Na Siti alikuwa nani kabla ya santuri za Bombay za mwaka 1928, kabla ya majumba ya wakubwa kumwita? Alikuwa binti wa Fumba, Unguja, aliyejua ufinyanzi na kuzunguka akiuza vyungu, na sauti ile tuliyoililia baadaye ilianza kwa kunadi vyungu. Shaaban hakumwita mtu wa jikoni akamaliza. Aliuliza kwao wapi, nani alimfunza, alipita njia gani. Ni maswali yale yale Chittick aliyoyauliza bakuli la China.

Najua kuna watakaosema vinasaba na vigae si kazi ya watu wa fasihi. Wanaosema hivyo hawajaona kwamba historia nzima ya Kilwa imekuwa kazi ya kusoma maandiko: tarehe ya Kiarabu, masimulizi ya Barros, safari ya Ibn Battuta, na maelezo ya mchimbaji juu ya udongo. Ni kazi yetu kabisa. Tumeikimbia tu kwa sababu iko kwa Kiingereza na ina majedwali.

Ninachotaka si sanamu la Chittick wala moto wa kuchomea vitabu vyake. Nataka asomwe, na asomwe kwa Kiswahili. Sijawahi kukutana na juzuu zile za Kilwa kwa lugha ya watu wa Kilwa, na hata ukimweka Chittick kando, mabishano yaliyofuata, ya Horton, ya Chami, ya Kusimba, yameendeshwa karibu yote kwa lugha ambayo mama muuza samaki wa Kilwa Masoko haisomi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na yalikaa miaka kumi katika orodha ya yaliyo hatarini, 2004 hadi 2014. Dunia imejulishwa. Aliye ng'ambo ya mlango wa bahari, anayeyaona kila asubuhi, amejulishwa nini?

Kwa hiyo wachapishaji wetu, badala ya mkusanyo mwingine wa hadithi za sungura na fisi, tupeni kitabu kimoja chembamba: Tarehe ya Kilwa kwa Kiswahili cha leo, pamoja na makala ya Chittick ya 1965 na majibu ya waliompinga, na maelezo ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili ataelewa. Watunza makumbusho, kwenye kabati la vigae, msiandike "chombo cha jikoni" mkaishia hapo. Andikeni udongo ulitoka wapi, nakshi ni ipi, na ni wapi pengine imeonekana. Nanyi waandishi wa riwaya, Muriri wa Bari bado hana mwenyewe. Atakayemtaka aanze na chungu kilichokuwa motoni siku ile merikebu ilipotia nanga, na aliyekuwa akikikoroga.